Mayai ya Jike la Mwisho

Jioni ile nilirudi maabara kubadilisha maji ya tangi, kazi ninayoichukia kuliko zote. Konokono wa bahari ananuka, jamani. Ute wake ukikukaukia mkononi, hata sabuni inasalimu amri.

Tangini alibaki jike mmoja wa aina ile, aliyekwisha kupandwa. Wengine waliliwa na watu, magamba yakauzwa mapambo. Mayai yake tu ndiyo yangeokoa kizazi chao, na shahada yangu pia. Naye hataki kutaga! Tulimwekea jiwe, kigae, kioo. Anapita juu yake, anaenda zake. Mwanafunzi mwenzangu, tuliyemwita Profesa kwa utani, akasema anakwenda kwa mganga. Nilimcheka hadi mbavu zikauma.

Nilipofungua mlango, harufu ya uvundo ikanipokea.

Tangi lilikuwa tupu.

Ute uling'aa sakafuni, ukapanda mguu wa kiti. Profesa alikuwa amekikalia, kanipa mgongo.

"Usiwashe taa," alinong'ona, kama mtu mwenye tonge mdomoni.

Niliwasha.

Konokono alikuwa amemganda mdomo wa chini, nusu yake imo ndani. Ute ulimchuruzika kidevuni hadi kwenye shati. Akafunua mdomo taratibu... Fizi zote, meno yote, yamefunikwa vifuko vya mayai, vya manjano, laini, vimebanana. Vilikuwa vinatikisika.

"Mganga aliniuliza atage wapi," alisema. "Nikamwambia popote. Mradi atage."

Popote! Mtu anayepima joto la maji asubuhi na jioni, leo kaenda kusema popote.

Nilichukua kibanio nimbandue uchafu ule. Akanidaka mkono, akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka. Sote wawili tulijua: kifuko kikibanduliwa, kinakufa. Kikikauka, kinakufa. Na baharini hakuna mwingine.



Nikaweka kibanio chini. Nikavuta maji ya chumvi kwa bomba la sindano, nikamwambia afunue zaidi.

Nilimlowanisha fizi za mbele, za pembeni, nikaendelea ndani. Alikuwa anatetemeka. Mkono wangu ulitulia kabisa, na hilo ndilo linalonichefua hadi leo.

Nikainamisha taa nione nyuma ya ulimi.

Vifuko vya huko vilikuwa vimeshapasuka, vitupu, vitoto havimo. Profesa akameza mate.