Mwiza Amekataa Kufumbua Kinywa

Ilianza kwa mdomo. Jumamosi moja ya Julai 1997, saa nane mchana, banda la video la Pasikali pale Kasulu likiwa limejaa hadi watu wanakaa chini, yule mwanamke wa kwenye mkanda aliacha kufumbua kinywa. Mikono yake ilicheza, macho yalicheza, muziki uliendelea. Midomo ilikuwa imefungwa kama ya maiti.

Winnie, aliyeshika kipaza sauti cha pili kumtafsiria, akakosa la kusema. Watu wakapiga miluzi.

"Sema chochote," Pasikali alimnong'oneza.

"Niseme nini, kaka? Mwenyewe hasemi."

Kasulu nzima iliwajua wale waigizaji wawili wa India. Mwanamume walimwita Intare, yaani simba. Mwanamke walimwita Mwiza, mrembo. Walikuwa wamecheza pamoja mikanda kumi na mmoja. Katika wa kwanza Intare alikuwa kijana wa kiuno chembamba, katika wa mwisho ana kitambi na nywele za kupaka rangi, na bado ni Mwiza aliyemlilia, ni Mwiza aliyeolewa naye. Mhindi wa duka la vitambaa aliwahi kusema lugha yao si Kihindi, ni Kitelugu. Pasikali hakujua hata neno lake moja. Aliangalia midomo na machozi, akatunga maneno ya Kiswahili. Kwa miaka sita yeye alikuwa sauti ya Intare, na Therese, binti wa Mama Esteri wa Kabanga, alikuwa sauti ya Mwiza. Watu walikuja kuwasikiliza hao wawili zaidi ya kuangalia picha.

Therese hakuwepo tena, na kipaza sauti chake alikishika Winnie. Pasikali aliwaambia watu, na mama mtu pia, kwamba amemfuata dereva mmoja Burundi.

Ukweli aliubeba peke yake. Mwaka uliotangulia walikuwa juu ya lori la magunia, wakienda mbele ya Kibondo kuonyesha mikanda siku ya soko. Njiani Therese alishikwa na homa, akatapika, akaanza kuweweseka. Walipofika Gwarama dereva akasema hamsubiri mtu. Pasikali akamlaza Therese kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, huku Therese akiomba maji, akamwambia, "Narudi sasa hivi," akapanda lori na mikanda yake. Alirudi siku ya tatu. Bikizee mmoja akamwonyesha udongo mbichi, akamuuliza kama anamfahamu marehemu. Pasikali akasema hamfahamu.

Jumapili aliweka mkanda mwingine. Ulipofika wimbo wa mtoni, harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikajaa bandani, na nje ilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Mwiza akamwachia Intare mkono katikati ya wimbo. Akageuka, akaanza kutembea kuja mbele, polepole, maji yakichuruzika kwenye pindo la nguo yake, akaja mpaka uso wake ukajaa kioo chote cha televisheni, na nyuma yake Intare akiendelea kuimba akiwa amekumbatia hewa, na kile kinywa kilichokuwa kimefungwa tangu jana kikafumbuka taratibu, na sauti iliyotoka haikuwa ya Winnie wala ya Mhindi yeyote, ilikuwa sauti ya Therese, kavu, yenye homa.

"Pasikali. Maji."

Mabenchi yalipinduka. Watu walitoka hata kwa kupasua turubai. Pasikali alikimbilia jenereta akaizima, akarudi, akakuta picha bado inawaka.

"Huyo ni dada Therese," Winnie alisema. "Umemfanya nini?"

 Pasikali alikwenda kumwita Mzee Khatibu, mganga aliyehamia mjini akitokea Ujiji. Mzee alikuja na chetezo, akafukiza ubani, akasoma, kisha akauliza kwa adabu, "Wewe ni nani, na unataka nini kwa watu hawa?"

Jibu halikutoka kwenye televisheni. Lilitoka benchi la nyuma kabisa, ambako hapakuwa na mtu, na benchi lenyewe lilikuwa limepinda katikati kama lililokaliwa na mtu mzito.

"Mimi si Therese. Therese amelala. Mimi ni mtazamaji. Miaka sita nimekaa hapa nikiwasikiliza hawa wawili, sijakosa hata siku moja. Huyu akanitupia mmoja barazani, akamkana. Mleteni mama. Aseme kweli mbele yake, kwa mara ya mwisho."

"Ukimaliza utaondoka?" Khatibu aliuliza.

"Nitaondoka na changu."

Mama Esteri alifika kutoka Kabanga jua likiwa bado juu, khanga imefungwa kiunoni. Alidhani ameitwa kupokea habari njema kutoka Burundi. Pasikali alipiga magoti, akasema yote: homa, lori, kibaraza, maji. Mama alisikiliza bila kulia.

"Alikuita?" aliuliza.

"Aliniita, mama. Mpaka lori lilipopinda kona."

"Mwana wanje," mama alisema kwa Kiha, yaani mwanangu, lakini hakuwa akimwambia Pasikali.

Benchi la nyuma likanyooka kwa kishindo. Picha ikazimika. Khatibu akafunika chetezo, akasema kazi imekwisha, ila hakumwangalia Pasikali usoni.

Kesho yake asubuhi Mama Esteri, Winnie na Pasikali walipanda gari kwenda Gwarama. Njia nzima hakuna aliyezungumza. Yule bikizee aliwapeleka kaburini, nyuma ya shamba la mihogo, na mama akachomeka msalaba wenye jina la mwanawe, akausukuma kwa uzito wa mwili wote mpaka ukasimama.

Hapo Pasikali akaanguka kifudifudi kuomba msamaha. Akafumbua kinywa. Yalitoka maneno laini, marefu, yenye kuviringika ulimini, Kitelugu kitupu. Akanyamaza kwa hofu, akajaribu tena, akajaribu Kiha cha mama yake mzazi, akapiga kelele, akalia, na kila lililotoka lilikuwa lugha ile ile ambayo yeye mwenyewe hakuielewa.

Mama Esteri akamgeukia Winnie.

"Wewe ndiye unayewatafsiria watu. Anasema nini huyu?"

Winnie aliyaona machozi, aliiona mikono iliyoshikana. Kwa kazi aliyofundishwa, maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Sijui, mama," alisema. "Twende zetu."