Mabua Yaliyonifikisha kwa Wambui

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na minne. Ninaishi na binti yangu Njeri katika chumba cha kupanga hapa Nakuru, na ninawaandikia kwa sababu moyo umechoka kulibeba jambo hili peke yake...

Miaka michache baada ya uhuru, mimi na mume wangu Karanja tulipata kipande cha shamba la mzungu huko juu ya Molo. Udongo ulikuwa umechoka. Ngano ilikuwa imelimwa hapo mwaka baada ya mwaka, na upepo ukivuma vumbi lilijaa hadi kwenye sufuria.

Mama yangu alikuwa amefanya kazi katika bustani ya wazungu, naye alinifundisha kufunika udongo kwa mabua ya ngano ili usikauke wala usichukuliwe na mvua. Basi kila baada ya mavuno niliomba mabua katika shamba kubwa la jirani, nikayabeba mgongoni hadi shingo ikakakamaa, nikayatandaza kati ya mistari ya kabeji na vitunguu. Majirani walisema ninatandikia kabeji kitanda. Karanja naye alicheka, lakini alikula.

Polepole udongo ukawa mweusi na laini. Ukifunua mabua unakuta nyungunyungu. Ni mkulima gani hangefurahi?

Kisha mvua ikakosa. Mashamba ya wenzetu yakakauka, letu likabaki kijani. Ng'ombe wa watu wakakonda kwa kukosa nyasi. Wakati huo huo Njeri akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali huku Nakuru. Nilipokuwa nikiondoka nilimwomba mume wangu, "Baba Njeri, chunga hayo mabua. Yakitoka tumekwisha."

Akaniambia, "Enda tu. Shamba nitaangalia."

Nililala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto. Karanja hakuja kutuona hata mara moja. Nilijiambia ana kazi nyingi... Mtu akipenda, hujidanganya kwa urahisi namna gani!

Njeri alipopona tulirudi. Shamba lilikuwa tupu kama uwanja wa shule. Mabua yote yalikuwa yamekombwa, udongo umepasuka, kabeji zimenyauka, vitunguu vimelala. Nilidhani ni wezi. Lakini mabua mengine yalikuwa yamedondoka njiani, nikayafuata na mtoto mgongoni, nikashuka hadi mtoni, nikapanda ng'ambo... Yakanifikisha kwa Wambui.

Wambui alikuwa mjane, rafiki yangu. Ndiye aliyenishika nikimzaa Njeri. Ng'ombe wake walikuwa wakitafuna mabua yangu, na mume wangu alikuwa ameketi mlangoni bila viatu, akinywa chai kama mtu aliye kwake.

Wambui aliinamisha uso. "Aliniambia mmeachana, Mama Njeri. Alisema hautarudi."

Nilimtazama Karanja. Hakusimama. "Shamba ni yangu," akasema. "Jina ni yangu. Wewe ulikuwa unalima tu."

Nililia mbele yao, na sioni haya kusema hivyo.

Nilikwenda kwa wazee, nikaenda kwa chifu. Wote walinihurumia, wote wakaniuliza swali lile lile: shamba limeandikwa jina la nani? Mvua iliporudi, Wambui alihamia nyumbani kwangu. Nasikia kabeji zao ni kubwa. Lazima ziwe kubwa... udongo ule niliulea mimi.

Sasa ninauza mboga za watu wengine sokoni. Njeri anasoma, ana afya, na kwa hilo ninashukuru. Lakini kila msimu wa ngano mgongo huu huniuma bila kubeba kitu.

Dada zangu, pendeni waume zenu, limeni nao. Ila siku bwana anapokwenda kuandikisha shamba, vaa viatu uende naye, hata akikwambia ubaki na watoto. Mimi nilibaki nikipalilia.