Nani Alimkabidhi Nira

Katika mji mzima wa Kericho, mwaka ule wa tisini na nane, hakuna aliyeujua mchezo wa Mpelelezi kama mimi, Weldon. Ningeweza kuucheza jicho moja likiwa limelala.

Mchezo wenyewe uliletwa na Bwana Nyakundi, mwenye chuo cha kompyuta ghorofani, juu ya duka la mbolea. CD yake haikuwa na jina, ila ilikuwa imeandikwa "Detective" kwa kalamu nene, nasi tukaupa jina letu. Ndani yake kuna jiji la miaka ijayo. Mvua haikatiki, watu wana macho ya chuma, na kampuni moja inamiliki kila kitu hadi kumbukumbu zilizo vichwani mwa watu. Wewe ni mpelelezi mwenye koti refu jeusi. Unahoji watu, unachagua la kusema, na hadithi inageuka kufuatana na ulivyochagua. Siku ya kwanza nilimjibu vibaya mlinzi wa baa, nikapigwa risasi. Siku ya pili nikamjibu vizuri, nikapigwa vilevile. Mwezi ulipoisha wenzangu wote walikuwa wameshaipita ile baa, na Molly, dada wa mapokezi, ananiuliza kama aniwekee kitanda pale mlangoni.

Basi tuwaache wachezaji, twende kwa wapenzi.

Kipkirui alikuwa kijana wa Litein, mrefu, mpole, shati lake limefungwa kifungo mpaka shingoni. Mchezo ulikuwa umemwingia mpaka akaenda sokoni kutafuta koti kama la mpelelezi. Ilikuwa siku ya soko, watu wamebanana kati ya mabunda ya mitumba, matope yanaruka. Akaliona. Akavuta mkono wa kulia wa lile koti, na mkono wa kushoto ukavutwa kutoka upande wa pili.

Aliyevuta alikuwa Ajwang. Gauni la njano, sweta la kijani, viatu vya plastiki, nywele zimenyooshwa kwa kitana cha moto asubuhi hiyo na tayari mvua imeanza kuziharibu.

"Dada, hili ni la mwanaume."

"Limekwambia?"

"Nalihitaji kwa kazi."

"Kazi gani ya kuvaa kama mtu anayezika?"

Kipkirui akainama, akamnong'oneza kwamba ni kazi ya upelelezi. Ajwang akalegeza mkono.

"Uko kwa Nyakundi, darasa la asubuhi? Mimi ni wa jioni. Basi ni wewe umebandika ule upuzi ukutani."

Nyakundi alikuwa na sheria yake. Ukicheza, lazima upige chapa maoni yako na kuyabandika ukutani, ili vidole vizoee kazi. Kipkirui alikuwa ameandika kwamba Mpelelezi una maneno mengi kama kitabu cha mtihani, bunduki inalia mara chache, na jiji lenyewe haliaminiki, kwa sababu hakuna kampuni inayoweza kumiliki hadi nyumba unayolala.

"Njoo kwetu," Ajwang alimwambia. Baba yake, Mzee Amolo, alikuwa mtu wa kiwanda cha majani chai, na waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi. "Nyumba ni ya kampuni, maji ni ya kampuni, hata jogoo wetu anangoja king'ora cha kampuni ndiyo awike. Huo mchezo ndio pekee nimeona unasema ukweli, na wewe unaupa saba kwa kumi."

"Ungeupa ngapi?"

"Tisa. Moja nimeondoa kwa sababu ya watu kama wewe."

Koti wakalinunua kwa ushirika. Leo linavaliwa na huyu, kesho na yule, na mitaani tukawa hatujui nani anakuja mpaka afike karibu. Wakaanza kuucheza pamoja jioni, kiti kimoja kila mtu nusu, safari yao imehifadhiwa kwenye disketi moja iliyokaa katika kasha la Molly. Waliahidiana kwamba hakuna atakayeifungua peke yake.

Walibishana kuhusu Nira. Huyo ni mwimbaji ndani ya mchezo, mpelelezi anampenda, na kampuni inamtaka. Sura ya mwisho unachagua: umfiche, au umkabidhi upewe kibali cha kutoka jijini. Kipkirui alisema Nira anamchosha, hana kazi ila kulia na kungoja kuokolewa. Ajwang akamjibu kwamba mtu hungoja akiwa hana pa kwenda. Alisema hivyo akiangalia dirishani, na Kipkirui, kwa bahati mbaya, alikuwa akiangalia kioo cha kompyuta.

Wiki iliyofuata simu ya chuo ililia. Ajwang alikuwa kwenye kibanda cha simu karibu na posta.

"Kip, baba amestaafishwa. Nyumba wanaitaka mwisho wa mwezi. Jumamosi lori linakuja, tunarudi Ugenya."

Kipkirui akauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Sema kitu, mpenzi. Shilingi zangu zinaisha."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa utasema nini?"

Simu ikakatika.

Asichomwambia ni kwamba kwao kijana haendi mwenyewe kuposa msichana. Kazi hiyo ni ya baba, na baba yake, Mzee Kiplangat, hakuwa hata amelisikia jina la Ajwang. Isitoshe, tangu fujo za kikabila za tisini na mbili, mzee hakupenda mazungumzo yoyote yanayotaja watu wa ziwani, kina Ajwang. Kipkirui akapanda gari kwenda kwao Litein, akaanza kumfuata mzee wake kutoka zizini hadi shambani, akitafuta pa kuanzia.

Wakati huohuo mtu fulani asiye na subira, ambaye hana umuhimu katika hadithi hii, aliifungua ile disketi na kuicheza mpaka mwisho.

Ijumaa Ajwang alipanda ngazi za chuo akiwa na koti, limelowa mabegani. Kipkirui hayupo. Akangoja. Mvua ikagonga mabati, wanafunzi wakaondoka mmoja mmoja. Mwishowe akaomba disketi, akakaa kwenye kiti peke yake, nafasi ya mwenzake wazi. Kioo kikamwonyesha mpelelezi ndani ya treni, kibali mkononi. Chini yake palikuwa na maandishi: "Nira amekabidhiwa. Hakulia. Alikuangalia tu."

Akainuka, akasoma ukutani maoni ya mwisho ya Kipkirui. "Nira ni mzigo. Hadithi ingesonga mbele kama hayupo."

Alilivua koti, akaliweka juu ya kiti kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Akamwambia Molly amweleze Kip kwamba jibu lake ameliona. Jioni Kipkirui alipopiga simu kutoka Litein alipewa ujumbe huo, akauliza jibu gani, Molly akasema hata yeye hajui. Akajaribu kiwandani, simu ikaita tu, hakuna aliyeishika.

Jumamosi tulikuwa wengi kule kwenye nyumba za wafanyakazi, tukisaidia kupakia. Mimi nilishika magodoro, Molly sufuria. Ajwang alikaza kamba za mizigo. Lori lilikuwa limeanza kunguruma wakati pikapu ya maziwa ilipoingia uwanjani, akashuka Mzee Kiplangat, kofia kichwani, gamboti miguuni, fimbo mkononi. Nyuma yake Kipkirui, macho mekundu.

Moyo wangu ukafurahi. Nikajua sasa yamekwisha. Lakini mzee akasalimia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuuliza habari za mvua. Mzee Amolo akajibu habari za mvua. Akauliza habari za majani. Wakaja kwa ng'ombe. Sisi wa huku tulielewa. Siku ya kwanza ya kuja kuhusu msichana, msichana hatajwi. Mnaongea mengine, mnarudi nyumbani, na wenye nyumba wanaelewa. Kijana naye hafungui mdomo hata kidogo.

Ajwang hakuelewa. Aliona mwanaume amekuja na baba yake kuongea juu ya maziwa huku yeye anahama. Dereva akapiga honi. Ajwang akakanyaga gurudumu, akapanda juu ya mizigo, akakaa akimpa Kipkirui mgongo. Mzee bado yuko kwa ng'ombe, ndama sasa. Kipkirui anamwangalia baba, anaangalia lori, jasho linamtoka kwenye ile baridi. Dereva akaingiza gia.

"Ajwang. Baba hajaja kwa ng'ombe. Amekuja kukuomba uwe wangu."

Fimbo ya mzee ikagonga chini. Lori likazimwa.

"Huyu kijana hana adabu," mzee akasema. Akavua kofia, akaitazama. "Lakini ameshasema."

Mzee Amolo akaitazama nyumba iliyobaki tupu. "Nyumba ni ya kampuni," akajibu. "Mtoto ni wangu, na ana mdomo wake. Muulizeni."

Ajwang aligeuka. "Na Nira? Ulimkabidhi kwa kampuni, Kip. Nimeona kwa macho yangu."

"Sijaigusa ile disketi. Nilikuwa Litein wiki nzima nikimfuata huyu mzee."

"Mpaka mlango wa choo," mzee akathibitisha.

"Na uliyoandika? Eti ni mzigo?"

"Nilisema Nira, kwa sababu wamemwandika vibaya. Wewe nani anaweza kukuandika?"

Alikaa kidogo juu ya magunia, akiuma mdomo ili asicheke haraka. Kisha akanyoosha mkono ashushwe. Alipofika chini hakuuachia ule mkono, ila paji lake la uso bado lilikuwa limekunjana.

"Basi nani alimkabidhi?"

Nikawaeleza, kwa upole wa mtaalamu, kwamba baridi ya Kericho huingia kwenye disketi, na mashine zinaweza kujichagulia mambo zenyewe. Nikaliinua godoro, likanifunika uso vizuri.

Molly akatua sufuria.

"Weldon," akasema, "si Jumatano ulikuja ukaniambia umetumwa na Kip? Na kibali kilipotoka si ulinipigia kelele nije nione umeshinda?"