Aliyeitikia Jina la Marehemu

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, saa tatu na robo asubuhi, karani wa mlangoni aliita jina la mshtakiwa mara tatu, kama ilivyo desturi ya mahakama ile, na mtu akaitikia, "Naam."

Tatizo ni kwamba mwenye jina alikuwa kaburini tangu mwaka uliotangulia.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameketi benchi la pili. Aligeuka haraka. Benchi la mwisho, ilikotoka ile sauti, lilikuwa tupu. Akatazama kizimbani. Pale alisimama mwanawe mdogo, fundi magari ambaye mtaa mzima ulimwita Nati, na midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Jinsi jina la marehemu lilivyoingia kwenye hati ya mashtaka ni aibu hata kusimulia. Nati alikamatwa gereji, akituhumiwa kuiba betri ya lori, akiwa amevaa ovaroli aliyoachiwa na kaka yake. Kifuani palikuwa na jina ambalo mama mwenyewe alilidarizi kwa uzi mwekundu. Polisi akasoma kifua, akaandika. Kumwuliza mtu anaitwa nani, kwa bwana mkubwa yule, ilikuwa kazi ya kuchosha mno. Nati alipojaribu kumsahihisha aliambiwa, "Unanifundisha kazi, wewe?"

Mama akamfuata mwendesha mashtaka kwenye korido. Alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa, na ukimsikiliza ulijua kwamba mng'aro wote uliishia huko chini.

"Baba, mliyemwandika ni marehemu. Huyu mliyemkamata ni mdogo wake. Nawaomba mrekebishe."

"Mama, kosa la jina haliui kesi. Aliyekamatwa si ndiye huyu aliyesimama kizimbani?"

"Ndiye."

"Basi. Jina ni lebo tu, kama ya chupa."

"Na sheria inakukataza kubadili lebo?"

"Haikatazi," alisema, akitazama saa yake. "Ila hakimu ataniuliza nilikuwa wapi siku zote. Mwambie mwanao aitikie, akubali kosa, alipe faini, mrudi kwenu. Asipoitikia, hiyo ni dharau kwa mahakama. Atakaa rumande mpaka azeeke."

"Aitikie jina la maiti?"

"Kwani maiti atalalamika?"

Alicheka peke yake. Korido ilikuwa imeanza kunuka udongo mbichi na kafuri. Yeye alidhani ni dawa ya kupigia deki.

Kesi ikaahirishwa, Nati akarudishwa rumande. Mama hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa dini aliyemsalia marehemu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha sauti kana kwamba ukutani kuna masikio.

"Dada yangu, mwanao yuko kwa Mola wake. Harudi kwa kuitwa na karani. Aliyeitikia ni jini. Wako wasio na jina wala kwao, hukaa vizingitini wakisubiri jina ambalo mwenyewe hayupo."

"Sasa nifanye nini?"

"Jina limeitwa, lakini jini huyo bado hajakabidhiwa. Nati asiliitikie, hata wamfunge. Na wewe atakujia. Atakuja kwa sauti ya mwanao. Usimjibu, dada. Siku utakayomwita 'mwanangu', umempa jina, na hatatoka tena."

Ni rahisi kumwambia hivyo mtu ambaye hajazika mtoto. Mama alikaza kanga yake, akaondoka, akapitia rumande kumwonya Nati.

Kesi iliporudi, karani alifika mlangoni akasimama tu.

"Mheshimiwa, naomba nisiite."

"Kwa nini?" hakimu aliuliza.

"Linaitika," karani alinong'ona.

Ukumbi ukacheka, na hakimu akacheka kuliko wote. Alikuwa mtu mnene, anayependa sauti yake kama wengine wanavyopenda usingizi, na aliamini sheria ilizaliwa sebuleni kwake.

"Mahakama yangu haina majini. Ina wajinga tu."

Mama akasimama. "Mheshimiwa, mtoto wangu huyu ana jina lake. Andikeni jina lake, nami nitakaa kimya. Ni mstari mmoja tu."

"Keti, mama. Siku nikitaka kupunguziwa suruali nitakuita."

Kisha, ili kuwaonyesha washamba hawa, akateremka kitini, akakokota joho lake mpaka mlangoni na kuita yeye mwenyewe.

Mara ya kwanza, feni zilisimama. Mara ya pili, ile harufu ya udongo na kafuri iliingia nzito, watu wakaziba pua. Mara ya tatu, kiti cha hakimu, kile kilichokuwa kitupu mbele ya macho ya watu wote, kililia kama kinavyolia mtu anapokikalia, na mto wake ukadidimia taratibu, na kutoka pale ikaja "Naam" ya upole, kisha ikaja nyingine karibu zaidi, na nyingine karibu zaidi, ikipita katikati ya mabenchi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, huku waliokaa pembeni wakijikunyata kila inapowapita, mpaka hakimu alipogeuka na kufungua kinywa akemee, na "Naam" ya mwisho ikatoka humo humo kinywani mwake, kwa sauti ya kijana aliyekwaruzwa koo na moshi wa magari.

Mama aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia tangu ilipokuwa kilio cha kwanza.

"Mama," Nati alinong'ona kutoka kizimbani. "Usimjibu. Nakuomba."

Hakujibu.

Alikuja hakimu mwingine. Yule mwendesha mashtaka alibadili jina kabla hata hajaulizwa, na haikumchukua muda wa kunywa maji. Mwenye lori naye alikuwa ameshaiona betri yake, kwa dereva wake mwenyewe, ila hakuona haja ya kumwambia mtu hadi alipoulizwa. Kesi ikafutwa, Nati akarudi nyumbani, bila hata pole.

Yule hakimu mnene hafanyi kazi tena. Mkewe humwita kwa jina lake na hageuki. Asubuhi nyingi, mama afunguapo duka, humkuta amechuchumaa kizingitini na joho lake, macho yamemtulia kama ya mtoto.

"Shikamoo, mama."

Mama hukanyaga pedali ya cherehani.

"Mama, kulikuwa na baridi. Ni mimi. Mbona huniiti?"

Sauti ni ile ile, haikupungua hata kikohozi. Nati hutoka na kumshika mama bega, na mama huacha kushona, machozi yakimtiririka, akainua mikono juu, mbali na mlango.

"Ewe Mola, msamehe mwanangu uliyemchukua. Lipanue kaburi lake, litie nuru, mpumzishe asisikie makelele yetu. Wewe ndiye umjuaye, na kwako ndiko atakakoitwa. Asiitikie mwingine yeyote mahali pake. Amina."