Nyama Iliyorudishwa

Mwaka 2004, kwenye ukumbi wa mizigo wa uwanja wa ndege wa Sib, Oman, Masouda alipita katikati ya watu amekumbatia kasha linalofuka moshi wa barafu kavu. Abaya yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Dada, umebeba nini?" aliuliza Muhanna, karani wa forodha, kanzu yake imenyooka kama karatasi.

"Chakula cha nyama."

"Nyama huliwa, haili."

"Yangu inakula."

Akamweleza. Maabara yao ilikuza chembe za msuli wa mbuzi ndani ya chupa, katika maji ya sukari, chumvi na vitamini, yaliyotiwa seramu ya damu ya ndama. Muhanna aligonga muhuri, kisha akaomba namba ya simu.

Miezi mitatu waliongea kila siku. Ijumaa moja mama yake Masouda, Bi Bakhita, akamwalika Muhanna kwa pilau nyumbani kwao Azaiba. Walikaa kwenye sinia moja. Bi Bakhita akamsogezea mgeni mapande manono, kama adabu inavyotaka. Muhanna akayarudisha katikati, akala wali mtupu.

"Kanirudishia nyama," alisema Bi Bakhita mgeni alipoondoka. "Basi na mwanangu kamrudisha."

Masouda akapiga simu. "Nyama ya mama ina nini?"

"Imelishwa damu, habibti. Nliona haya kuuliza."

"Ulidhani ya maabara?"

"Si ndiyo kazi yako?"

"Mwaka mzima tumepata kipande hakifiki ukucha. Ile ya mama ni ya mbuzi wa soko la Sib, kamchinja kaka yangu. Ulidhani nnaweza kukulisha haramu?" Akakata.

Hasira ilimbana, lakini swali aliloliamsha Muhanna lilimbana zaidi. Nani angeila nyama ya maabara iliyolishwa damu? Akaiacha seramu, akajaribu maji ya kunde na hamira. Chembe zikafa mara nne. Mara ya tano zikaishi. Akampigia.

"Siku ya tisa leo, bila damu."

"Hongera, mpenzi. Nnakuja Ijumaa. Kwa mama, si kwako."

Ijumaa Bi Bakhita aliweka sinia asimsogezee mtu kitu. Muhanna akainamisha kichwa.

"Mama, nnaomba nyama."

"Nyama tu?"

"Na Masouda."

Masouda akaficha uso kwenye mtandio. Bi Bakhita akachagua pande la paja, akamwekea mbele yake.

"Kula kwanza. Kisha walete wazee wako."

Muhanna akalimaliza, akaguguna hata mfupa.