Watoto wa Ubeid

Jua lilikuwa likielekea kuchwa, na Twaiba alikuwa bado ameketi kwenye benchi la kliniki moja karibu na Msambweni, akimngoja mumewe.

Alikuwa ametoka Tiwi asubuhi. Miaka sita ya ndoa, na minne kati ya hiyo ya kuingia na kutoka hospitali. Alikwisha kuchomwa sindano, akameza dawa zilizomtapisha, akalala chali chini ya mashine huku akisoma Ayatul Kursiy moyoni. Mwisho daktari, Samuel, mtu mpole wa bara, alimwambia kizazi chake hakina tatizo na mirija iko wazi. Aliyebaki kupimwa ni Ubeid.

Na Ubeid, fundi wa friji kwenye mahoteli ya Diani, hakuwa mtu wa kukataa. Hilo ndilo lililomchosha Twaiba. Angekataa wangegombana, ikajulikana moja. Lakini yeye husema inshallah, nitakuja, kisha haji. Leo tena. Simu imezimwa. Na kila Idi, mama mkwe humtazama tumbo kabla ya kumtazama uso.

Wagonjwa wakaisha. Daktari akaenda zake. Mwinga, mama afagiaye pale, akaanza kufunga madirisha ya vyumba vya ndani.

Ndipo Twaiba aliposikia harufu.

Asumini, kwanza. Halafu, chini ya asumini, maji yaliyolala kisimani miaka mingi...

Mwanamke alikuwa ameketi ubavuni pake. Hakumsikia akija. Buibui jeusi, macho yametulia.

"Hatakuja," alinong'ona.

Twaiba akamuuliza anamsema nani.

"Ubeid. Usimsumbue na vipimo, mke mwenzangu. Hana kasoro yule."

Mke mwenzangu. Twaiba aliwaza lile ambalo mke yeyote angeliwaza: kumbe kuna nyumba ya pili, huko Ukunda, na wote wanajua isipokuwa yeye.

"Wewe umejuaje kuwa hana kasoro?"

Mwanamke alinyoosha kidole uani, chini ya mti wa mkungu.

Watoto walikuwa wakikimbizana. Wavulana wawili na kasichana kadogo. Kope ya kushoto ya kila mmoja ilikuwa imelegea kidogo, kama ya Ubeid. Kama ya Ubeid kabisa. Walikimbia juu ya majani makavu, wakazunguka, wakarudi...

Majani hayakulia.

Twaiba akashika ukingo wa benchi. Akafumba macho, akasoma alichokikumbuka. Alipofumbua, uani hapakuwa na mtu. Pale alipoketi yule mwanamke, ubao ulikuwa umelowa maji.

Mwinga alitokeza na ufagio, akamuuliza Twaiba kama mwenzake ameshaondoka.

"Kila ukija wewe, naye huja," Mwinga alisema. "Hukaa nyuma yako. Mimi nikidhani ni wifi yako."

Alifika nyumbani Tiwi isha ikiadhiniwa. Njiani hofu ilikuwa imegeuka hasira. Alimkuta Ubeid ameketi kitandani, amevaa viatu vyake vya kutokea, taa hakuiwasha. Twaiba akamwambia yote papo hapo mlangoni: mwanamke, harufu, watoto wenye kope kama yake. Alingoja mumewe acheke. Alingoja aape kwamba hana mke mwingine.

Ubeid aliinamisha kichwa.

"Wamekuwa wangapi sasa?"

Polepole, akaeleza. Tangu ujana, kabla hajamjua Twaiba, kuna ndoto humjia. Nyumba moja ndani ya pango la ufukweni, pale alipokuwa akienda kuoga na wenzake. Hupokewa mlangoni na mwanamke anukiaye asumini, akapewa mtoto amshike. Alijiambia ni ndoto tu, ingawa mara nyingine huamka shati limelowa begani, kama mahali alipolalia mtoto. Na kila siku ya daktari, akishavaa viatu, miguu humfa ganzi hata jua lizame. Aliona haya kusema.

Twaiba alilia, na hakuwa akilia kwa woga. Miaka minne alitobolewa sindano yeye. Miaka minne alibeba yeye jina la tasa, na mtu huyu alikuwa anajua, akanyamaza.

"Kesho utakwenda," alisema. "Miguu ikifa, nitakubeba."

Ubeid akakubali kwa kichwa. Twaiba akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akahisi kwamba wako wawili katika jambo hili.

Nje ya dirisha, sauti ndogo ya kike ikaita. Taratibu. Haina haraka.

"Baba..."

Ubeid aliitika kabla hajajizuia, kwa sauti ya mtu aliyezoea.

"Naam, mwanangu."