Beji Iliyosuguliwa

Doa la mwanga lilitua ukutani juu ya birika, ilhali mji mzima wa Brecon ulikuwa unanyeshewa tangu Jumapili. Glenys alilifuta kwa kitambaa. Likahamia mkononi mwake.

"Elwyn! Zima hiyo tochi yako."

Mumewe hakuwa na tochi. Alikuwa mezani na lenzi jichoni, akichambua beji za kofia za wanajeshi wa zamani. Watu walimletea awaambie kama rangi ya juu ni ya kiwandani au ya mjanja fulani. Beji ya jirani yao, Nesta Beynon, ilimnyima usingizi wiki nzima. Kikosi cha mwenye beji hiyo kilivaa joka la shaba ya njano, lakini joka la beji hii lilikuwa jeusi tii. Si rangi ya brashi, si dawa. Aliinusa akapata masizi na mafuta ya kondoo.

Sasa aliinyanyua, ikammulika usoni.

"Nani ameisugua?"

"Mimi. Ilikuwa chafu kama sufuria ya jela."

"Mama wee! Beji kongwe haisuguliwi, Glenys! Umeichuna ngozi!"

"Basi kanishtaki kanisani."

Glenys alipogeuka, doa lilikuwa katikati ya paji lake la uso. Jikoni kukanuka baruti na matope. Nyuma ya mlango, bunduki ikakokiwa taratibu.

Alikimbilia ukumbini, likamfuata. Akavaa kofia, likakaa juu ya kofia. Elwyn alimpigia simu Nesta.

"Usiniambie inang'aa," Nesta alinong'ona. "Ni ya kaka yake nyanya. Mtanashati yule! Vitani wenzake walipaka zao matope, yeye akasugua yake kila asubuhi. Jua likaipiga, mdunguaji akamwona, akamuua. Mama yake akaipaka masizi ya jiko lake ili atulie. Anayeing'arisha humwamsha, naye hataki kufa peke yake. Ipake, Elwyn, haraka!"

Elwyn aliwasha mshumaa, akachota mafuta, akaishika beji juu ya moshi huku vidole vikiungua, akapaka gamba moja la joka baada ya jingine, na kila alipopaka pumzi za mtu asiyeonekana zilizidi kusogea, zikapita mlango, zikapita kabati, zikafika nyuma ya kiti cha Glenys, ambaye alikuwa amefumba macho akimwomba Mungu wake kwa Kiwelshi cha utotoni, hadi gamba la mwisho likazama kwenye weusi.

Doa likatoweka.

"Limeondoka?"

"Limeondoka, mpenzi wangu." Elwyn alilia bila aibu. Aliilaza beji kifudifudi mezani, akazima mshumaa.

Kwa mazoea ya miaka thelathini hakuwa ameugusa mgongo wa beji. Mgongo huachwa mtupu, mnunuzi aione shaba yenyewe. Lakini Glenys alikuwa ameusugua na huo pia, na sasa ulikuwa unawaka.

"Elwyn," Glenys alisema polepole, akimtazama kifuani. "Usisogee."

Elwyn aliinama akaliona doa juu ya kifungo cha shati lake. Kiberiti kilikuwa upande wa pili wa chumba.

Glenys alisimama, akaja akamkumbatia kwa nguvu, mgongo wake ukielekea mlangoni.

"Niliisugua mimi," alisema.